Chujio Lililonguruma

Mwalimu Hasina alikuwa na kanuni moja ya kubadilisha gia, na haikuwa kwenye kitabu chochote cha serikali. Mwanafunzi alikatazwa kutazama kijiti cha gia, akakatazwa kutazama mshale wa mwendo, na akiuliza sasa atajuaje, aliambiwa kwamba Mungu hakumpa masikio ya kutundikia herini peke yake. Injini ikilia, ipandishe. Ikigugumiza, ishushe. Ikinyamaza umeizima, kwa hivyo washa upya na uwaombe radhi walio nyuma yako. Kwa kanuni hiyo alikuwa amewafundisha madereva wa Kitale na Bungoma tangu enzi zile ambazo mwanamke akishika usukani, watu wa Kiminini walitoka madukani kuja kutazama.

Udereva alifunzwa na mumewe, marehemu Yakub, na sababu haikuwa mapenzi. Yakub alikuwa na kinu cha kusaga mahindi karibu na msikiti wa Kitale, na dereva wake wa kupeleka magunia ya unga Misikhu siku za soko alikuwa mlevi. Hasina akafunzwa, mlevi akafutwa. Asubuhi Hasina alisimama kinuni, mchana alipeleka magunia. Kinu kile kilipiga kelele kiasi kwamba wateja walielewana kwa vidole, na yeye alikaa ndani ya kelele hiyo miaka mingi bila kuona ubaya wake, maana kelele ilikuwa ndiyo dalili kwamba biashara inakwenda. Yakub alipofariki, ndugu zake walichukua kinu. Hasina akabaki na leseni.

Leseni hiyo ndiyo iliyompeleka kwa Munene, mwenye Chuo cha Udereva Tulivu. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea mjini Kitale, na gari moja, Toyota Corolla DX ya rangi ya maziwa, yenye breki ya pili upande wa kushoto kwa ajili ya mwalimu. Mwanzo wa wiki gari lilifundisha Kitale, mwisho wa wiki lilifundisha Bungoma. Munene alishughulika na maneno, Hasina na gari, na kwa mpango huo waliishi bila ugomvi.

Mambo yalianzia kwenye indiketa. Siku moja Hasina alimlalamikia Walubengo, fundi wao wa Bungoma, kwamba indiketa imeacha kulia. Walubengo akaingia garini, akaiwasha, akasikiliza.

"Mama Sumeya, hii iko sawa. Si inalia hivi, tik tik?"

Hasina aliiona taa ya kijani ikiwaka na kuzima, akamwona Walubengo akimtazama. Hakusikia tik yoyote. Walubengo akainamisha kichwa chini ya dashibodi, akapapasapapasa huko kwa muda, kisha akasema labda ni waya ilikuwa imelegea na sasa amekaza. Alikuwa fundi mwenye adabu.

Baada ya hapo Hasina akaanza kujichunguza, na kila alichochunguza alikikosa. Hakusikia ndege alfajiri. Wanafunzi waliokuwa wakiongea vizuri tu sasa walikuwa wamegeuka watu wa kunong'ona, naye akawaambia kwamba dereva hanong'oni, dereva hutamka, wakadhani ni sehemu ya somo. Kibaya zaidi ni injini. Ile sauti nyembamba ya juu, iliyokuwa ikimwambia kila kitu, ilikuwa imeondoka bila kuaga. Akaanza kuutupia jicho la wizi ule mshale wa mwendo alioupiga marufuku. Kuna asubuhi ambayo kijana mmoja aliipigisha injini kelele kwenye gia ya pili tangu sokoni hadi karibu na stendi ya magari, na Hasina akakaa kando yake kwa amani, mikono mapajani. Alijua kuna kitu alipoona watu wote wa barabara ile wamegeuza shingo.

Aliogopa. Hakuuogopa uziwi wenyewe, kwani bibi yake alikuwa kiziwi na aliishi kwa raha kuliko wengi wenye masikio. Aliogopa kuondolewa kwenye kile kiti cha kushoto. Mjane wa umri wake alikuwa na viti viwili tu vya kuchagua: hicho, au kigoda cha jikoni kwa binti yake Sumeya kule Webuye, ambako angepewa heshima zote na sinia la mchele achague mawe.

Mwaka huo ndio serikali ililazimisha magari ya abiria kufunga mikanda na vidhibiti mwendo, na ghafla kila mtu akataka kujua sheria inasemaje. Chuo kikapata wanafunzi, Munene akapata ari. Alikwenda Nairobi kwa shughuli zake, akarudi na boksi lenye picha ya gari la mashindano. Ndani mlikuwa na chujio la hewa, lile ambalo mafundi wote wa Bungoma huliita eakilina. Lakini hili halikuwa la karatasi kama wanavyolijua watu. Lilikuwa la pamba nyekundu iliyobanwa kati ya nyavu, lenye kifuniko cha kung'aa, na lilikuja na kichupa chake cha mafuta ya kupakwa.

"Linapitisha hewa mara dufu," Munene alisema, akiliweka juu ya meza ya karakana ya Walubengo. "Gari mzee ni kama mtu mzee, bana. Shida yake ni kupumua tu."

Hasina, aliyempita Munene kwa miaka mingi, alimtazama.

"Kama shida ni hewa, si tufungue madirisha," alisema.

Walubengo aliligeuza lile chujio, akalinusa. "Hii kabuleta inavuta hewa yenye inaweza, haiwezi vuta ingine. Ile karatasi ikiwa safi, haijamzuia mtu. Hii injini imechoka pistoni, haijaziba pua. Hapa utapata kelele tu, Munene."

"Wacha tuone."

"Tuone, basi. Gari ni yako."

Akalitoa lile kopo la bati lililofunika chujio la zamani, akafunga jekundu likiwa wazi juu ya kabureta, pale injini inapovutia hewa. Munene akaingia nyuma ya usukani, Hasina akakaa kiti chake cha kushoto na uso wake wa siku zote, uso wa mtu anayesubiri kuthibitishiwa upumbavu wa wengine. Munene akakanyaga mafuta.

Likanguruma. Ilikuwa sauti nene, ya chini, iliyopanda mguu ulipokanyaga na kushuka mguu ulipoachia, na Hasina akaisikia. Aliisikia yote. Walipozunguka Bungoma alisikia Munene akichelewa kubadilisha gia, alisikia akiwahi, alisikia uvivu wake wa mguu wa kushoto ambao alikuwa ameusahau. Alifurahi mpaka akaona haya. Ilibidi avue miwani aifute, na Munene alipouliza, alisema ni vumbi.

Tatizo la Munene ni kwamba alikuwa mtu wa ushahidi. Alitaka kuthibitisha kwamba chujio lake linapunguza unywaji wa petroli. Akamleta Walubengo Kitale, tangi likafungwa, ikaunganishwa chupa ya petroli mahali pake. Siku ya kwanza walirudisha chujio la karatasi na kuondoka kuelekea Webuye mpaka petroli ikaisha. Gari likazimika Kiminini, mbele ya kibanda cha chai cha mama mmoja aitwaye Chesang. Siku ya pili wakafunga jekundu, wakajaza chupa ile ile, wakashika barabara ile ile. Gari likazimika Kiminini, mbele ya kibanda cha Chesang. Tofauti iliyoonekana ni kwamba siku ya pili walisikika wakija, kwa hivyo Chesang alikuwa ameshamimina chai.

"Nguvu je?" Munene aliuliza, akipuliza kikombe.

"Kwa ule mwinuko jana tulipitwa na lori ya miwa," Walubengo alisema. "Leo imetupita tena. Nafikiri ni ile ile."

Munene alikunywa chai yake yote kabla ya kusema. Alikuwa mtu wa maneno, lakini hakuwa mwongo. "Basi nimeuziwa kelele. Litolewe."

"Usilitoe," Hasina alisema.

Wanaume wote wawili wakamgeukia, na Chesang naye, ingawa hayakumhusu.

"Gari lina nguvu," Hasina akasema. "Nimelisikia mwenyewe. Mlimani halichoki kama zamani. Nyinyi mmezoea kukaa kwenye viti vya ofisi, mtajua nini?"

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kuhusu gari, na aliusema macho makavu, huku lile lori la miwa likiwa bado linaonekana mbele likijikokota. Walubengo alitazama chai yake. Munene alikunjua uso. Kwake, Mwalimu Hasina akisema gari lina nguvu, hilo ni sawa na kuandikwa kwenye gazeti. Kabla wiki haijaisha alikuwa amewaambia wenye teksi wote wa Bungoma, na baadhi yao, watu wazima wenye familia, wakaagiza machujio kama yale. Jioni mji ukanguruma. Kila teksi ikipita, Hasina alijisikia vibaya, lakini hakujisikia vibaya kiasi cha kusema.

Na kusema kweli alifundisha vizuri miezi ile. Akarudia kuweka mikono mapajani na macho mbele, akiwakosoa wanafunzi kabla miguu yao haijamaliza kukosea. Aliyemshinda ni mmoja tu, Chelangat, msichana wa wakulima wa vitunguu kule Kapsokwony, aliyeteremka Bungoma kila mwisho wa wiki ili ajifunze kuendesha pikapu ya nyumbani. Gari alilimudu. Lakini aliongea kama mtu aliye kanisani wakati wa maombi, na Hasina alisikia injini yote asisikie neno lake hata moja. Chelangat akiuliza, Hasina alijibu swali ambalo mwanafunzi wa kawaida angeuliza mahali hapo. Mara nyingi alipatia.

Kiangazi kikaja, na barabara za udongo za upande wa Matulo, ambako walipendelea kufanyia mazoezi kwa kuwa hazina magari mengi, zikawa unga. Karatasi za maelezo zilizokuja ndani ya boksi zilisema chujio linafuliwa na kutumika tena. Munene akalifua. Alilifua kwa Omo, pamoja na mashati yake, akalianika kwenye kamba nyuma ya duka la mbolea, likakauka vizuri sana. Zile karatasi zilisema pia kwamba likishakauka lipakwe mafuta, maana ni mafuta yanayonasa vumbi, lakini kile kichupa Munene alikuwa amekimalizia kwenye bawaba za mlango wa chuo. Akalirudisha kavu. Mlango wa chuo ukawa haulii tena, na gari likaanza kutoa moshi wa buluu.

Walubengo alilifungua siku moja mchana, Hasina akiwa amesimama kando. Alipitisha kidole kwenye koo la kabureta, akamwonyesha. Kidole kilikuwa chekundu kwa vumbi la Matulo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya: alizunguka gari, akasimama mbele yake uso kwa uso, akaongea polepole, mdomo ukifunguka vizuri.

"Mama Sumeya. Hii kitu inakusaidia, najua. Lakini vumbi imeingia ndani na inakwaruza ringi za pistoni. Hata tukipaka mafuta, hizi barabara zetu zitaishinda. Tukiendelea hivi, hii injini haitaona mvua ingine ikiisha. Naweza rudisha karatasi. Naweza acha. Sema wewe."

"Umejua lini?"

"Kitambo."

"Umemwambia Munene?"

"Si kazi yangu."

Hasina akakaa juu ya tairi kuukuu. Alipiga hesabu za mtu aliyebanwa. Angeweza kukaa kimya. Gari lingenguruma mpaka mvua za masika, labda mpaka zikaribie kuisha, naye angepata muda huo katika kiti chake, kisha injini ingekufa na kila mtu angesema ilikuwa ya zamani, nani angemlaumu? Lakini gari halikuwa lake. Chuo kingekufa nalo. Na kulikuwa na wale wenye teksi, ambao kila asubuhi injini zao zilikuwa zikimeza vumbi la barabara nzima kwa sababu yeye alitaka kuisikia injini. Aliona uchungu mkubwa, na aliona ana haki ya uchungu huo, kwa sababu hakuwa ameomba kitu kikubwa.

"Toa!" alisema, na watu wa karakana ya jirani wakageuka. Alikuwa amepaza sauti kuliko alivyokusudia. Siku hizi hakuwa na njia ya kujua.

Alirudi Kitale akiendesha mwenyewe, karatasi mpya ikiwa chini ya kopo lake la bati, na safari nzima ilikuwa kimya kama mtu aliyekasirika. Asubuhi alimkuta Munene akipanga vigari vya mbao kwenye ule ubao wenye mchoro wa mji, unaotumika kufundishia sheria za barabara. Akamweleza yote akiwa amesimama: indiketa, yule kijana wa gia ya pili, Kiminini, kidole cha Walubengo.

Munene akageuza kigari mkononi.

"Kwa hivyo halikuwa na nguvu," alisema.

"Nimekwambia sisikii."

"Nimesikia hiyo. Nauliza chujio. Uliniambia lina nguvu! Mimi nimeenda nikasimama mbele ya watu Bungoma, ati Mwalimu mwenyewe amesema. Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie warudishe karatasi. Wamwambie Walubengo nimesema mimi."

Munene alizunguka chumba. Hasira ya chujio ilipopungua ndipo ile habari nyingine ikamfikia, na Hasina aliiona ikimfikia usoni. Munene akaanza kuongea akiwa amegeukia dirisha, akakumbuka, akageuka akaanza upya. Alisema kwamba anamheshimu. Alisema kwamba wazazi wa watu wamewaamini. Alisema labda sasa afundishe hapa ndani, kwenye ubao, vigari hivi havina injini.

"Njoo mwisho wa wiki ukae kiti cha nyuma," Hasina akasema. "Mwanafunzi ni Chelangat. Ukiona hatari sema simamisha, tutasimamisha, na hapo hapo nitakukabidhi ufunguo. Usiposema, niache nifanye kazi."

"Simamisha yenyewe utaisikia?"

"Nibonyeze bega."

Mwisho wa wiki Munene alijikunja kwenye kiti cha nyuma, magoti karibu na kidevu. Chelangat alifunga mkanda, akarekebisha kioo. Hasina hakuwa amelala vizuri, na maneno aliyoyaandaa njia nzima kutoka Kitale yalimtoroka yote, akabaki na yale mafupi.

"Chelangat, masikio yangu yameisha. Injini siisikii, na wewe sikusikii, sijawahi kukusikia hata siku moja. Leo utasikiliza wewe, kisha uniambie inasemaje. Uniambie kwa sauti. Ukininong'onea tutaingia mtaroni sote watatu."

Chelangat alimgeukia. Hasina alimwona akifikiria maswali yake yote ya miezi ile, na majibu aliyopewa, na mahali ambapo hayakukutana. Alitarajia msichana afungue mlango ashuke. Chelangat akawasha gari.

"Inalia, Mwalimu," alisema walipotoka mjini. Hasina aliona midomo tu.

"Sijasikia."

"Inalia, Mwalimu!"

"Inataka nini?"

"Tatu!"

"Basi ipe. Unaniomba ruhusa mimi, mimi ndiye injini?"

Wakaenda hivyo, Chelangat akipiga kelele, Hasina akitazama barabara, mguu wake juu ya breki ya pili na bega lake likisubiri kubonyezwa. Mikono ilikuwa mapajani, imeshikana sana. Wapita njia walidhani humo ndani kuna ugomvi. Kwenye barabara ya kuelekea Webuye walianza kupanda mwinuko nyuma ya trekta, na Hasina hakujua kabisa gari lililo chini yake linasema nini.

"Inachoka!" Chelangat akasema, na mkono wake ulikuwa umeshashusha gia, mguu umeshaachia klachi, gari limepanda bila kushtuka.

Bega la Hasina halikubonyezwa. Kwenye kioo aliona midomo ya Munene ikitembea, akajua kuna kitu kinasemwa huko nyuma, akakaza macho mbele asiulize. Hakuwa tayari kukiona.

"Mwalimu!" Chelangat alisema, macho kwenye trekta, sauti imejaa gari lote. "Anasema nimewahi vizuri! Anasema yeye huko nyuma alikuwa hajasikia kitu!"

Hasina aliiachanisha mikono yake mapajani.

"Mwambie ni marufuku kuongea na dereva."

Chelangat akamwambia, na Munene akanyamaza mpaka waliporudi Bungoma.